Ubakaji Mahakamani (3): Maneno ya Shahidi Mmoja

Wiki iliyopita tulimwacha mlalamikaji kituo cha polisi, mkononi akiwa na PF3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Leo yuko kizimbani. Tendo lilikuwa la watu wawili, na mmoja wao anakana. Hakimu atamwamini vipi huyu mwingine?

Zamani mahakimu walitafuta kwanza ushahidi wa kuunga mkono, desturi iliyorithiwa kwa Mwingereza, ambayo chini yake mlikuwa na dhana kwamba wanawake ni wepesi wa kusingizia. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliipindua. Kupitia kifungu cha Sheria ya Ushahidi ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 127, mshtakiwa anaweza kutiwa hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, mradi hakimu aridhike kuwa ni kweli tupu na aandike kilichomridhisha. Kenya ilifika huko mwaka 2003 kwa njia ya Katiba: Mahakama yao ya Rufani ilisema kumdai mwanamke ushahidi wa ziada ni kumbagua.

Mahakama yetu ya Rufani nayo, katika hukumu iliyoripotiwa mwaka 2006, ilitamka kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Waendesha mashtaka wanaipenda mno hukumu hiyo, wengine hadi kusahau kuita mashahidi waliokuwepo. Baadaye Mahakama hiyo hiyo ilibidi ikumbushe kuwa maneno ya mwathirika si msahafu, nayo hupimwa. Ni haki, maana adhabu ya chini kwa mtu mzima ni miaka 30.

Hupimwaje? Hakimu aliyemwona shahidi akijibu maswali ya dodoso ndiye mwenye kauli kuhusu mwenendo wake kizimbani. Majaji wa rufaa wana karatasi tu, lakini karatasi nazo husema: je, maelezo yake yanashikana? Yanapatana na ya wengine, akiwemo mshtakiwa? Alimtaja mtu huyo mapema? Ukimya usio na maelezo hutia shaka. Kipimo hiki kinataka busara, kwani mtoto anayelala nyumba moja na mtuhumiwa, na aliyeambiwa atachinjwa akisema, atamtajia nani?

Lakini pagumu zaidi ni kwenye lugha. Kosa hili halikamiliki bila kuthibitisha kuingiliwa, hata kidogo tu. Kuna hukumu zilizovunjika kwa sababu shahidi alisema “alinibaka” akaishia hapo, na mwendesha mashtaka hakumuuliza alifanywa nini hasa. Sasa mwambie binti wa miaka kumi na mitatu ataje viungo vya siri mbele ya baba yake, karani na askari! Sisi tumelelewa kusema “alinifanyia tabia mbaya” au “matusi”, na kila Mswahili anaelewa. Hatimaye Mahakama ya Rufani nayo ilielewa: ilisema utazamwe umri wa shahidi, malezi yake, dini yake na wanaomsikiliza, kwani hata mahakama yenyewe huona haya kuyatamka. Naiona hii kuwa miongoni mwa hukumu zetu zenye utu. Hata hivyo, mwendesha mashtaka makini hategemei huruma hiyo. Huuliza swali la pili, taratibu.

PF3 je? Mara nyingi huondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Kesi haifi kwa hilo, maneno ya mwathirika yakisimama.

Tuje kwenye ridhaa. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kuwa majeraha si lazima ili kuthibitisha kutoridhia. Anayeganda kwa hofu hajaridhia. Aliyekubali kwa kutishiwa kisu hajaridhia. Aliyeleweshwa hadi hajitambui hana cha kuridhia. Swali la “mbona hukupiga kelele?” bado huulizwa, lakini jibu lake si kipimo cha kosa.

Kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki kabisa, isipokuwa ule mwanya unaobishaniwa sana wa mke aliyefika miaka 15. Hapo linalobaki kuthibitishwa, zaidi ya tendo na mtendaji, ni umri. Cheti cha kuzaliwa si lazima. Mama akitamka mwaka aliomzaa mwanawe, inatosha. Ila ni lazima mtu amuulize, na kesi zimeanguka kwa sababu mama alisimama kizimbani, akajibu yote, akashuka, na swali hilo moja hakuna aliyelikumbuka.