Mtoto Kwanza au Ndizi?

Mwanafunzi wa Moshi anayeanza Kiingereza hukutana mapema na neno "give". Mwalimu huandika ubaoni sentensi mbili, "Mama gave the child a banana" na "Mama gave a banana to the child", kisha huwaambia wanafunzi kwamba zote ni sahihi na maana ni ile ile. Ni kweli kwa mtihani. Kwa sayansi ya lugha, hapo ndipo kazi inapoanza. Wanaisimu wamejiuliza kwa miongo kadhaa kwa nini msemaji huchagua moja na kuiacha nyingine, na mmoja wa watafiti waliofika mbali katika swali hilo alikuwa amekwisha kupita kwanza kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika lugha inayozungumzwa Kilema, Kirua, Marangu, Mamba na Mwika: Kivunjo, mojawapo ya lugha za Kichaga.

Tuanze na tendo lenyewe. Kucheka kunahitaji mtu mmoja. Kukata kunahitaji mkataji na kinachokatwa. Kutoa kunahitaji watatu: mtoaji, mpokeaji na kitu. Mtoaji hana shida. Yeye ni kiima, na kwetu kitenzi hupatana naye tangu silabi ya kwanza. Ushindani uko kwa wawili waliobaki. Wote wanaguswa na tendo, wote wanaweza kuitwa yambwa, lakini nafasi iliyo jirani kabisa na kitenzi ni moja. Kila lugha inalazimika kuamua ni nani wa kuikalia.

Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili. Tukitaka mpokeaji atangulie tunatumia kupa: mama alimpa mtoto ndizi. Tukitaka kitu kitangulie tunageukia kutoa: chama kilitoa zawadi kwa washindi. Hakuna anayesema "alitoa mtoto ndizi", wala "alizipa mtoto". Kiingereza kimebaki na kitenzi kimoja kinachofanya zamu zote mbili, na tofauti yote imewekwa kwenye mpangilio wa maneno. Ndiyo maana "give" inafaa sana kuchunguzwa: kitenzi hakibadiliki, tendo halibadiliki, kinachobadilika ni uamuzi wa msemaji.

Kupa ni kitenzi cha pekee kwa sababu mpokeaji yumo ndani yake tangu asili. Vitenzi vingine huongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea ili kumkaribisha mtu wa tatu. Pika ina mpishi na chakula. Pikia inamwingiza anayepikiwa. Kiambishi hicho kidogo kina kazi nyingi: tunakimbilia mjini, tunakatia nyama kisu, tunamlilia marehemu. Wala si lazima anayeingizwa apate faida. "Amenilia ndizi zangu" ni lalamiko. Na sijui lugha inayousema msiba kwa ufupi zaidi kuliko kufiwa: kufa ni tendo la mmoja, fia inamleta aliyeachwa, na kufiwa inamfanya aliyeachwa awe kiima cha sentensi nzima, ingawa yeye hakutenda lolote.

Lakini Kiswahili kina masharti. Chukua sentensi "mama alimpikia mtoto ndizi", kisha ujaribu kuigeuza. "Mtoto alipikiwa ndizi" inakubalika bila wasiwasi. "Ndizi zilipikiwa mtoto" sikio linaikataa. "Alimpikia ndizi" ni sawa. "Alizipikia mtoto", kwa maana ya kumtayarishia mtoto ndizi hizo, si sawa. Na anayetaka kuwataja wote wawili ndani ya kitenzi, aseme "alizimpikia", hatapata njia, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa. Mtoto akishaingia, ndizi zinabaki mlangoni. Haziwezi kuwa kiima cha kauli ya kutendewa, haziwezi kuwakilishwa na kiambishi. Yambwa mbili hazina haki sawa.

Kivunjo kinawapa wote wawili haki sawa.

Mwaka 1990 jarida la Linguistic Inquiry lilichapisha makala ya Joan Bresnan wa Chuo Kikuu cha Stanford na Lioba Moshi, Mtanzania mzungumzaji wa Kivunjo ambaye kwa miaka mingi alifundisha Kiswahili na isimu katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Mada yao ilikuwa hasa huo usawa na ukosefu wa usawa kati ya yambwa katika lugha za Kibantu. Mifano yao ya Kivunjo ni ya kawaida kabisa, ya kula na kupika. Nitaiandika bila alama za toni, ingawa Kivunjo ni lugha ya toni na kupanda au kushuka kwa sauti kuna kazi yake.

"Nailyiia mka kelya": anamlia mke chakula. Kama ilivyo kwetu, huenda anamsaidia, huenda anamdhulumu. Mka ni mke, kelya ni chakula, na msomaji wa Kiswahili atauona undugu mara moja. Sasa mke anaweza kuingia ndani ya kitenzi, "naimlyiia kelya", sawa na sisi. Chakula nacho kinaweza kuingia peke yake, "naikilyiia mka", na hapo tayari tumepitwa. Wote wawili wanaweza kuingia kwa pamoja: "naikimlyiia". Neno moja, sentensi kamili: anamlia hicho. Kauli ya kutendewa nayo haibagui. Mke anaweza kuwa kiima, "mka nailyiio kelya", na chakula pia kinaweza, "kelya kilyiio mka", sentensi ambayo kwa Kiswahili tungeiita kosa.

Tuifungue "naikimlyiia" kipande kwa kipande, maana inastahili. N inaonyesha kwamba habari inakazwa hapo. A ni mtendaji, mtu mmoja. I ya kwanza ni wakati uliopo. Ki ni chakula, kwa kuwa kelya iko katika ngeli inayolingana na ki yetu ya kitu. M ni yule anayeliwa chakula. Lyi ndiyo kula kwenyewe. I inayofuata ni kauli ya kutendea, na a ya mwisho inafunga. Vipande vinane. Ukizidisha uwezekano wa kila nafasi, yaani ngeli, nyakati na dhamira, kitenzi kimoja cha Kivunjo kinaweza kuchukua maumbo yapatayo nusu milioni. Hesabu hiyo imo katika kitabu cha Steven Pinker, The Language Instinct, kilichotoka mwaka 1994 na kusomwa duniani kote. Humo Pinker anaeleza pia jinsi Bresnan alivyoufananisha muundo huu na ule wa "give": cha Kivunjo ni sataranji, cha Kiingereza ni drafti. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo Kichaga kilihesabiwa kuwa lugha ya shambani na Kiingereza lugha ya akili, ulinganisho huo una uzito wake.

Hata hivyo thamani ya makala ile haikuwa katika wingi wa maumbo. Bresnan na Moshi walionyesha kwamba tabia hizi husafiri kwa pamoja. Lugha ambayo kitu kinaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendewa ndiyo hiyo ambayo kitu kinaweza kuwakilishwa kwa kiambishi, na ndiyo hiyo inayoruhusu viambishi viwili vya yambwa ndani ya kitenzi. Katika Chichewa cha Malawi, milango hiyo yote imefungwa. Katika Kivunjo yote iko wazi. Kwa hiyo huna haja ya kumfikiria mtoto wa Mamba akijifunza kanuni nyingi, moja baada ya nyingine. Sharti moja la ndani kabisa, likiwepo au likikosekana, linatosha kueleza mengine yote. Watafiti waliofuata wamekuta lugha za Kibantu zilizo katikati, zenye usawa katika jambo fulani na zisizo nao katika jingine, lakini mjadala wao bado unaanzia hapo.

Sharti la namna hiyo halionekani ukiitazama "give" peke yake. Kiingereza hakina viambishi vya yambwa, na kauli yake ya kutendea imefichwa katika mpangilio. Lugha inayobandika kila mshiriki ndani ya kitenzi, kwa jina la ngeli yake, inaanika kile ambacho Kiingereza kinaficha. Naamini ndiyo sababu ya kweli ya kuzisoma lugha za Kilimanjaro kwa makini, kuliko kuzihifadhi tu kwa ajili ya ngoma na methali.

Miaka kumi na saba baadaye, Bresnan alirudi kwenye "give" akiwa na zana nyingine. Pamoja na Anna Cueni, Tatiana Nikitina na Harald Baayen, alichukua sentensi 2,360 zenye vitenzi vya aina hiyo kutoka mkusanyo uitwao Switchboard, mazungumzo ya simu ya Wamarekani yaliyorekodiwa mapema miaka ya 1990. Kila sentensi ilipigwa alama: mpokeaji ni mtu au si mtu, ni jina au kiwakilishi, amekwisha kutajwa au ni mgeni katika mazungumzo, tungo ni fupi au ndefu. Kisha kompyuta ikatakiwa kubashiri mpangilio ambao msemaji aliuchagua. Ilipatia zaidi ya mara tisa katika kila kumi.

Kumbe ule uchaguzi ambao mwalimu anasema ni wa hiari una mkondo wake. Kilichokwisha kutajwa hutangulia kigeni. Kifupi hutangulia kirefu. Kiwakilishi hutangulia jina. Mtu huelekea kutangulia kitu. Ukizungumzia mtoto tunayemjua na ndizi isiyojulikana, Mwingereza atasema "gave him a banana" karibu bila kufikiri. Ndizi ikiwa ndiyo inayozungumzwa, na mpokeaji akiwa mtoto wa jirani aliyetoka Himo asubuhi kwa miguu, mpangilio unageuka. Hata misemo iliyodhaniwa kuwa imeganda iliyeyuka mbele ya ushahidi. Vitabu vilidai kwamba kichwa kinachouma hutolewa kwa mpangilio mmoja tu, "give me a headache". Watu halisi, mpokeaji akiwa na maelezo marefu, husema "give a headache to" bila kusita.

Mwaka 2010 Bresnan na Marilyn Ford walichapisha jaribio zuri zaidi kwa maoni yangu. Waliwapa watu vipande vya mazungumzo halisi, kila kimoja kikiwa na miisho miwili, wakawaomba wagawe alama mia kati ya miisho hiyo. Mgawanyo wao ulifuata ubashiri wa hesabu. Msemaji wa kawaida, asiyejua takwimu, anabeba kichwani makisio ya uwezekano yaliyojengwa na yale aliyoyasikia maishani.

Na kile ambacho Kiingereza kinakifanya kwa mwelekeo tu, lugha nyingine hukifanya kwa sheria. Katika Kisotho cha Lesotho, kama yambwa moja ni mtu na nyingine ni kitu, mtu ndiye anayekaa jirani na kitenzi. Kiswahili kimempa mpokeaji kiambishi na kauli ya kutendewa, kikamnyima mwenzake. Kivunjo kimefungua kote.

Lakini kuruhusiwa si kupendelea. Sarufi inasema mke na chakula wote wanaweza kuwa kiima. Haisemi bibi anayeuza ndizi sokoni Marangu humtanguliza nani mara nyingi zaidi. Kazi ya kulijibu hilo inaweza kufanywa na kijana mwenye simu inayorekodi, subira ya kunakili, na sikio linalotenganisha ki na m katika kitenzi kinachosemwa haraka. Sentensi elfu mbili za mazungumzo ya kawaida, kila moja ikipigwa alama zile zile walizotumia Stanford: mtu au kitu, anayejulikana au mgeni, tungo fupi au ndefu. Ikionekana kwamba wasemaji wa Kivunjo, wakiwa huru kabisa, bado humtanguliza mtu, basi mwelekeo wa "give" unatoka mahali pa ndani zaidi kuliko sarufi ya lugha yoyote. Wakigawana sawa kwa sawa, basi ni Kiingereza kinachowafundisha wasemaji wake kumtazama mpokeaji kwanza.