Surua ya Simba

Hapa Magomeni ukitaja simba, baba watoto anafikiri ni habari za mpira. Sisi leo tunazungumzia wale wa porini. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka kama wenye kifafa. Walikufa karibu 1,000, yaani mmoja katika kila watatu.

Kilichowaua ni kirusi cha distempa, ndugu wa kirusi cha surua. Akina mama, surua tunaijua: humaliza haraka mtoto aliyekwisha dhoofika. Simba nao walikuwa wamedhoofika. Ukame wa mwaka 1993 uliwakondesha nyati wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata vijidudu vya kupe kwenye damu.

Mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa. Basi wataalamu walizunguka vijiji vya jirani na hifadhi wakichanja mbwa dhidi ya distempa na kichaa, kama sisi tunavyochanja watoto kliniki. Simba walizaana tena, idadi ikarudi. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa distempa iliendelea kuwapata hata mbwa walipochanjwa, kwani wanyama wengine wa porini nao huibeba.

Je, kazi ilipotea? Sisi tunasema hapana. Kichaa cha mbwa kilipungua, na watu waliong'atwa wakapungua.

Mtoto aking'atwa na mbwa, mama, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mwahishe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.