Kalori Unazotumia Katika Mazoezi: Namna ya Kuzikadiria na Mipaka ya Makadirio Hayo

Wengi wanaoanza mazoezi kwa nia ya kupunguza uzito huuliza swali moja mapema: nimechoma kalori ngapi? Saa ya mkononi, simu janja na mashine ya kukimbilia hulijibu papo hapo kwa tarakimu kamili, kana kwamba zimepima. Kwa hakika hazijapima, zimekadiria. Makala haya yanaeleza makadirio hayo hupatikanaje, msomaji anawezaje kuyafanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na kwa nini ayatumie kwa tahadhari, hasa akiwa mgonjwa wa kisukari.

Kalori hupimwaje?

Kalori ni kipimo cha nishati. Ile inayotajwa kwenye vifungashio vya vyakula ni kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzijoto 1 ya Selsiasi. Ndiyo tutakayoiita kalori hapa.

Mwili hupata nishati kwa kuunguza wanga, mafuta na, kwa kiasi kidogo, protini, kwa msaada wa oksijeni. Mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi katika chombo kilichozungukwa na barafu, wakalinganisha barafu iliyoyeyuka na hewa ukaa aliyoitoa mnyama huyo kwa pumzi. Walionyesha kwamba kupumua na kuungua ni mambo ya jamii moja. Hadi leo maabara hufuata msingi huo: mtu huvaa barakoa akifanya mazoezi, na oksijeni anayoitumia hupimwa. Kila lita 1 ya oksijeni iliyotumika ni sawa na takribani kalori 5.

Hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Kwa kuwa si kila mtu anaweza kufika maabara, wataalamu hutumia kipimo kiitwacho MET. MET 1 ni nishati ya mtu aliyekaa kimya, inayokadiriwa kuwa kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Shughuli nyingine hutajwa kwa kulinganishwa na hali hiyo. Orodha kubwa ya viwango hivi ilichapishwa Marekani mwaka 1993 na imehuishwa mara kadhaa tangu hapo. Baadhi ya viwango vyake, kwa makadirio, ni hivi:

- kufagia na kupiga deki: 3
- kutembea kilomita 5 kwa saa: 3.5
- kucheza mpira wa miguu kwa kujifurahisha: 7
- kuendesha baiskeli kilomita 16 hadi 19 kwa saa: 7
- kukimbia kilomita 8 kwa saa: 8

Zidisha kiwango cha MET kwa uzito wako katika kilo, kisha kwa muda katika saa. Mtu mwenye kilo 70 anayetembea kwa nusu saa atapata 3.5 × 70 × 0.5, yaani kalori 122 hivi. Akikimbia kwa muda huohuo atapata kalori 280.

Hata hivyo, kuna makato ambayo wengi huyasahau. Katika nusu saa hiyo mtu huyu angetumia kalori 35 hata kama angeketi tu kibarazani, kwa kuwa moyo, ubongo na ini havilali. Ili kujua mazoezi yameongeza nini, punguza 1 katika kiwango cha MET kabla ya kuzidisha. Kutembea kutabaki na kalori 87 hivi, na kukimbia 245. Vifaa vingi huonyesha jumla bila makato hayo, na anayetembea polepole ndiye anayepotoshwa zaidi.

Kwa nini tarakimu hukosea

Kwanza, kiwango cha kalori 1 kwa kilo kwa saa ni wastani wa jumla. Wazee na watu wenye unene uliokithiri mara nyingi hutumia pungufu ya hapo wakiwa wamepumzika, kwa sababu misuli hutumia nishati zaidi kuliko mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Hesabu ya MET basi huwazidishia.

Pili, vifaa vya mkononi hukisia nishati kwa kuangalia mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono. Moyo huenda mbio pia kwa joto, hofu, homa au kahawa. Kinyume chake, anayetumia dawa kama atenololi au propranololi mapigo yake hayapandi inavyotarajiwa, na kifaa humpunja. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Vingi vilihesabu mapigo ya moyo vizuri. Katika kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93.

Tatu, mwili wenyewe hurekebisha matumizi yake. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili umetoka hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake waliwapa watu wazima wa jamii hiyo maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina nzito kuliko kawaida, zisizo na madhara, kisha wakafuatilia katika mkojo jinsi zilivyopungua. Hiyo ndiyo njia inayoaminika zaidi ya kupima nishati ya siku nzima nje ya maabara. Ingawa Wahadzabe hutembea mwendo mrefu kila siku, nishati yao ya siku, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Maelezo yanayotolewa ni kwamba anayejishughulisha sana kila siku, mwili wake hubana matumizi kwingineko. Kwa hiyo kalori 245 za mbio za leo si lazima ziongezeke zote katika hesabu ya siku.

Tarakimu isiwe kibali cha kula

Soda ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, sawa na kalori 150 hivi. Mtu wetu wa kilo 70 atahitaji kutembea kwa takribani dakika 50 ili kuifidia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Anayejizawadia baada ya mazoezi kwa kutegemea tarakimu ya saa yake anaweza kuongezeka uzito huku akitoka jasho kila siku, kisha akakata tamaa na kuyaacha mazoezi yenyewe. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi.

Tahadhari kwa wenye kisukari

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu hata bila msaada wa insulini. Kwa hiyo anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye, hata usiku akiwa amelala. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio ni dalili za hatari hiyo, lakini pia ni hali za kawaida za mazoezi. Ni rahisi kuzipuuza.

Mgonjwa asiruke mlo wala kubadili dozi kwa kufuata kalori zinazoonyeshwa na kifaa. Apime sukari kabla na baada ya mazoezi, na atembee na sukari au glukosi. Ikishuka, ale gramu 15 za sukari, sawa na vijiko vya chai 3 hadi 4, kisha apime tena baada ya dakika 15. Marekebisho ya dozi yafanywe na daktari wake.

Kipimo cha kufuata

Makadirio ya kalori yanafaa kwa kulinganisha: wiki hii na iliyopita, kutembea na kukimbia. Kwa mwongozo wa kila siku, dakika zinatosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mazoezi hayo hushusha shinikizo la damu, huboresha kazi ya insulini na huimarisha moyo, hata pale mizani inapokataa kushuka. Faida hizo hazionekani kwenye kioo cha saa, lakini ndizo zinazorefusha maisha.