Paa linapovuja siku isiyo na mvua

Familia nyingi kutoka Kongo na Somalia zilizohamia Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, zimekutana na jambo wasilolijua walikotoka: paa kuvuja wakati mvua hainyeshi. Novemba 2022, vitongoji vya kusini mwa mji huo vilipata theluji ya takriban mita 2 kwa siku chache tu.

Kisa ni joto. Hewa ya moto kutoka vyumbani hupanda hadi darini, ikapasha paa na kuyeyusha theluji kwa chini. Maji hutiririka hadi ukingoni penye baridi, yakaganda. Barafu hiyo huwa ukuta. Maji yanayofuata hukosa njia, yakapenya chini ya vigae na kushukia chumba cha watoto.

Kwanza, usalama. Watoto wasicheze chini ya ukingo wa paa, kwani barafu inayoning'inia huanguka ghafla. Baba asipande juu wala asiipige barafu kwa nyundo, maana vigae hupasuka. Theluji ivutwe mtu akiwa chini, kwa reki yenye mpini mrefu. Dari ikivimba kwa maji, zima umeme wa chumba hicho, weka ndoo, kisha toboa tundu dogo maji yashuke, kuliko dari nzima kuanguka.

Vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaota. Mtoto mwenye pumu ndiye huumia kwanza. Piga picha za uharibifu wote kwa ajili ya bima. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba na abaki na nakala.

Paa lenyewe hutengenezwa kukiwa kukavu. Fundi hufunika turubai kwanza, kisha baridi ikipungua hubadili vigae vibovu na kutandika chini yake, ukingoni, karatasi nzito ya kuzuia maji. Mwepuke anayebisha hodi baada ya dhoruba akitaka alipwe fedha zote kabla ya kazi.

Hata hivyo, vigae vipya pekee havitoshi. Mwulize fundi kama ameziba matundu yanayopitisha joto darini, ameongeza sufi ya kuzuia joto na kuacha njia za hewa wazi. Asipofanya hivyo, majira yajayo ya baridi ndoo itarudi palepale, kando ya kitanda cha mtoto.