Mita ya bei nafuu: je, inasema kweli?

Wengi wetu tunaoishi London, tunapofunga mizigo ya kwenda nyumbani, hutia humo mita ndogo ya dijitali ya kupimia umeme. Mita hizi huuzwa sokoni kwa bei ya chakula cha mchana.

Nasi tulimpelekea moja ndugu yetu wa Tanga, aangalie betri ya sola inayomuwashia taa na televisheni.

Baada ya miezi kadhaa alitupigia simu akiwa na hasira. Mita ilionyesha volti 12.7, lakini taa zilizimika kabla ya saa tatu usiku. Alikuwa akijiandaa kwenda kumkabili aliyemuuzia betri.

Tulimsihi kwanza aipeleke betri kwa fundi redio wa mtaani. Mita ya fundi ilisoma volti 12.2.

Nusu volti hiyo si jambo dogo. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imetulia bila kuchajiwa wala kutumika, husoma karibu 12.7 ikiwa imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi ya chaji. Kila jioni ndugu yetu alikuwa akiikamua betri akiamini imejaa, na betri ya aina hiyo ikikamuliwa mara kwa mara hufa mapema.

Muuzaji hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya zawadi yetu.

Rula iliyokatika

Mita nyingi za bei hii zimejengwa juu ya chipu ya aina ya 7106. Chipu hiyo hulinganisha umeme unaopimwa na kipimo chake cha ndani cha milivolti 100, ambacho hupatikana kutokana na betri ndogo ya volti 9 iliyo ndani ya mita.

Betri hiyo ikichoka kupita kiasi, kipimo cha ndani hushuka. Hapo kila kinachopimwa huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ni sawa na muuza vitambaa ambaye rula yake imekatika ncha: kitambaa ni kile kile, lakini hesabu inaongezeka.

Kuisawazisha

Hatua ya kwanza ni kuweka betri mpya ya volti 9. Kwa ndugu yetu, hiyo peke yake ilirudisha namba hadi 12.3.

Hatua ya pili ni kupata kitu cha kuaminika cha kulinganishia, kama vile mita nzuri ya fundi. Mita zote mbili zipime betri moja kwa wakati mmoja.

Kisha ondoa nyaya za kupimia na ufungue kifuniko cha nyuma. Ndani kuna skrubu ndogo ya kurekebishia, ambayo mara nyingi huandikwa VR1. Weka alama ya kalamu mahali ilipo, upate pa kurudi ukikosea. Weka swichi kwenye volti 20 za umeme wa betri, pima tena, na uzungushe skrubu kidogo mno hadi mita zikubaliane.

Mita ikiwa wazi, usiiguse kabisa na umeme wa ukutani.

Hata ikifungwa tahadhari inabaki. Kwenye mita nyingi za aina hii tundu la ampea 10 halina fyuzi. Wapo mafundi wanaoongeza fyuzi na kubadili nyaya nyembamba, lakini hayo hayaifanyi ifae kwa umeme wa volti 230 wa nyumbani. Kwa kazi hiyo nunua mita iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Ilianzia London

London ina historia yake katika vipimo hivi. Mwaka 1923 kampuni moja ya hapa ilianza kutengeneza Avometer, mita iliyobuniwa na Donald Macadie, mhandisi wa Posta aliyechoshwa na kubeba vifaa vingi tofauti kazini. Mita hiyo ya sindano ilitengenezwa hadi mwaka 2008.

Na huko Teddington, kusini-magharibi mwa jiji, ipo Maabara ya Taifa ya Fizikia, iliyoanzishwa mwaka 1900. Huko volti hupatikana kwa njia aliyoitabiri Brian Josephson akiwa Cambridge mwaka 1962. Hata vipimo vya maabara vinahitaji kitu cha kulinganishiwa, sembuse mita ya sokoni.

Ndugu yetu ameiweka mita yake. Inasoma sawa na ya fundi, na nyuma yake ameandika kwa wino tarehe aliyobadilisha betri.

Muuza betri naye hajui alivyonusurika kugombezwa.