Mkopo wa Kuokoa Umeme Upimwe kwenye Mita

Umeme unaowaka Unguja huvuka bahari. Tangu mwaka 1980 umekuwa ukitoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya maji kati ya Ras Kiromoni na Fumba, na mwaka 2013 waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, uliongezwa. Pemba nayo imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa maana ya kutegemea waya huo. Mwaka 2008 walikaa gizani takriban mwezi mmoja, baina ya Mei na Juni, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 wakakaa miezi mitatu.

Kwa hiyo ikisemwa kwamba uniti ya umeme iliyookolewa nyumbani ina thamani sawa na uniti iliyozalishwa mtamboni, Visiwani maneno hayo hupata wasikilizaji. Katika nchi nyingi serikali na wafadhili wamefuata njia moja ya kuyatekeleza. Hutoa fedha za bei nafuu kwa benki za biashara, nazo benki huwakopesha wenye nyumba, hoteli na viwanda wapate kununua viyoyozi, majokofu, pampu na taa zinazotumia umeme mdogo. Matumaini ni kwamba mkopaji atalilipa deni kwa kile atakachokuwa amekipunguza katika gharama yake ya umeme. Thailand ilianza hivyo mwaka 2003. Fedha zilizotokana na tozo ya mafuta zilipewa benki bila riba, nazo zikakopesha kwa riba isiyozidi asilimia 4, kwa muda usiozidi miaka 7.

Fikra ni njema. Taabu huanza pale unapofika wakati wa kuulizana kama imefaa.

Ripoti za programu za namna hii hufanana. Ukizifungua utakuta kiasi kilichokopeshwa, idadi ya waliokopa, sehemu ya mikopo iliyorejeshwa kwa wakati, na mwishoni umeme uliookolewa. Hesabu tatu za mwanzo hutoka katika vitabu vya benki nazo huaminika. Ya nne aghalabu haikutoka katika kitabu chochote. Fundi alikadiria kabla ya mkopo kwamba chombo kipya kitaokoa uniti kadhaa kwa mwezi, karani akazidisha kadirio hilo kwa idadi ya vyombo, na jumla ikaandikwa kana kwamba ni jambo lililokwisha kutokea. Mita ya mkopaji haikuulizwa neno.

Nchi moja iliyoiuliza mita ni Mexico, na jibu lililopatikana linawastahiki watu wa visiwa vya joto. Mwaka 2009 serikali ya huko ilianzisha programu ya kuwabadilishia wananchi majokofu na viyoyozi vikuukuu. Chombo cha zamani kilipaswa kuwa na umri wa miaka 10 au zaidi, na kilichukuliwa kikavunjwavunjwa kisirudi sokoni. Watu walisaidiwa kwa ruzuku na kwa mikopo nafuu, na mkopo ulilipwa kidogo kidogo kupitia bili ya umeme. Hadi mwisho wa 2012 kaya milioni 1.9 zilikuwa zimeshiriki. Kwa kipimo cha benki na cha wanasiasa, huo ni ushindi.

Wataalamu watatu wa uchumi, Lucas Davis, Alan Fuchs na Paul Gertler, wakachukua kumbukumbu za bili za wateja wa majumbani wa nchi nzima, wakalinganisha kaya zilizobadilisha vyombo na kaya zilizofanana nazo ambazo hazikubadilisha. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Waliobadilisha majokofu walipunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 8, nayo ni kama robo tu ya kile kilichotabiriwa. Waliobadilisha viyoyozi matumizi yao yaliongezeka. Kila tani ya hewa ya ukaa iliyozuiliwa iliigharimu programu zaidi ya dola 500 za Kimarekani.

Hapana ajabu katika hayo kwa mtu anayeijua nyumba ya joto. Kiyoyozi kikuukuu huwashwa kwa woga, saa moja kabla ya kulala kisha kikazimwa, kwa kuwa mwenyewe anaiogopa gharama. Akipata kipya kinachokula umeme mdogo, woga humtoka na kikawaka hadi alfajiri. Jokofu jipya nalo mara nyingi ni kubwa kuliko lile lililotolewa. Yako pia majokofu yaliyosalimishwa ambayo watafiti walishuku kwamba yalikuwa karibu na kufa yenyewe, na kulitoa jokofu lisilofanya kazi hakuokoi kitu.

Hapa niseme jambo ambalo wahandisi hulisahau. Familia iliyolala usiku mzima bila ya kuungua na joto imepata faida ya kweli, wala si haki kuihesabu kuwa imeiba. Lakini serikali iliyotoa fedha ili waya wa baharini upunguziwe mzigo imenunua kitu kingine, na inafaa ijue imenunua nini. Kama nia ni kuwapa watu raha, ziko njia rahisi zaidi za kuitoa.

Uingereza ilikosea kwa namna nyingine. Mpango wake ulioanza Januari 2013, uitwao Green Deal, uliufunga mkopo katika nyumba yenyewe na kuufanya ulipwe kupitia bili ya umeme, hivyo aliyehamia alilirithi deni. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba malipo yasizidi kile kinachotarajiwa kuokolewa. Kwenye karatasi hapakuwa na wa kupata hasara. Lakini riba ilikuwa asilimia 7 na zaidi, ilhali mwenye nyumba nzuri aliweza kukopa kwa bei nafuu kwengineko. Serikali ilisimamisha fedha zake Julai 2015, na Aprili 2016 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ikatoa hesabu: mikopo yapata 14,000 tu, gharama kwa walipa kodi paundi milioni 240, yaani kiasi cha paundi 17,000 kwa kila mkopo mmoja. Mkaguzi alisema pia kwamba mpango haukuleta nyongeza ya nishati iliyookolewa. Tuwape Waingereza haki yao katika jambo moja: hesabu hiyo waliitoa hadharani, bila ya kumficha mtu.

Msomaji asije akadhani kwamba mikopo ya namna hii haifai popote. Jirani zetu wa Nairobi wana ushahidi wa upande wa pili, nao haukutokea katika viyoyozi, umetokea jikoni. Susanna Berkouwer na Joshua Dean, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, waliwafuata wapishi wa mkaa wa kipato kidogo na kuwauzia majiko banifu yenye bei ya dola 40 madukani, wengine kwa fedha taslimu na wengine kwa mkopo mfupi. Jiko hilo lilipunguza matumizi ya fedha za mkaa kwa karibu asilimia 40, na likamwokolea mwenye nyumba kama dola 120 kwa mwaka. Hata hivyo, bila ya mkopo wengi hawakuwa tayari kulilipia zaidi ya dola 12 hivi. Walipopewa mkopo, kiasi walichokuwa tayari kulipa kiliongezeka mara mbili na zaidi. Faida waliijua. Kilichokosekana ni fedha za siku ya kwanza.

Tafauti ya Nairobi na Uingereza ndiyo kiini cha jambo. Mkopo huokoa nishati pale tu unapomwezesha mtu kufanya asiloweza kulifanya bila ya mkopo huo. Mwenye hoteli ya Kiwengwa aliyekwisha kuamua kununua viyoyozi vipya kwa sababu wageni wanalalamika, akapewa mkopo wa riba nafuu, atavinunua na atalipa kwa wakati, na benki itamtaja kwa furaha katika ripoti yake. Umeme atakaouokoa angeuokoa vilevile. Fedha za umma zimempunguzia riba tu. Ndiyo maana mikopo kulipwa vizuri si dalili ya programu kufaulu, na mara nyingine ni dalili kwamba benki imewachagua wale wasiohitaji. Swali la kumuuliza meneja wa benki ni nani aliyekataliwa, na kwa nini.

Ikiwa programu ya aina hii itapangwa Visiwani, tunayo nyenzo ambayo wengi hawana. Wateja wengi wa Shirika la Umeme hununua umeme kabla ya kuutumia, kwa mita za Tukuza, na kila ununuzi huandikwa kwa namba ya mita, tarehe na uniti. Ni daftari la matumizi ya kila nyumba lililokwisha kuandikwa. Na kwa kuwa wananchi wengi huikwepa riba, mkopo unaweza kupita katika dirisha la Kiislamu kwa utaratibu wa murabaha, ambapo benki hununua chombo chenyewe kisha humuuzia mteja kwa awamu kwa faida inayojulikana. Utaratibu huo una manufaa ambayo hayatajwi sana: benki hujua barabara ni chombo gani kilichonunuliwa na cha ukubwa gani, ilhali fedha taslimu zingeweza kuishia katika harusi.

Kulinganisha kwenyewe kuna mitego. Aliyekopa mwishoni mwa kaskazi ataonekana ameokoa umeme mwezi wa Julai hata kama hakubadilisha kitu, kwani kusi imeingia na feni zimezimwa. Yafaa kupima mwaka mzima kabla na mwaka mzima baada. Kwa hoteli hata hilo halitoshi. Hoteli iliyokopa mwaka 2019 ingeonekana mwaka 2020 imefanya miujiza, kumbe wageni hawakuja kwa sababu ya maradhi ya korona. Hoteli ihesabiwe uniti kwa kila chumba kilicholaliwa, kisha ilinganishwe na hoteli jirani ambayo haikukopa.

Na hao wasiokopa watapatikana wapi? Fedha za kuanzia hazitatosha shehia zote kwa mara moja, hilo ni hakika. Basi shehia zitakazotangulia zichaguliwe kwa kura ya wazi, mbele ya masheha, na zinazobaki zingoje awamu ya pili. Hapo hapatakuwa na manung'uniko ya upendeleo, na wakati huohuo itakuwa imepatikana jamaa ya kulinganishia, wenye hali ileile na joto lilelile, ambao tafauti yao na wenzao ni bahati ya kura tu.

Jambo la mwisho ni la maofisa. Anayekadiria umeme utakaookolewa asiwe yule anayeuza viyoyozi, wala asilipwe kwa idadi ya mikopo. Mkataba wa mkopaji uwe na kifungu cha kuruhusu kumbukumbu za mita yake zisomwe kwa miaka miwili bila ya jina lake kutangazwa. Shirika la Umeme nalo litenge kumbukumbu za mwaka uliotangulia kabla ya mkopo wa kwanza kutiwa saini. Ni kazi ya karani mmoja na kompyuta moja kwa wiki chache, na gharama yake iandikwe katika bajeti ya programu tangu siku ya kwanza, kabla wafadhili hawajaondoka.