Je, Wajua? Tope hulifuata gari kwa nyuma

Je, wajua kwamba Hiace inayopita Lizaboni, Songea, wakati wa mvua huchafuka vibaya zaidi nyuma, mahali ambapo matone ya mvua hayaipigi moja kwa moja? Chanzo ni hewa. Gari lenye mgongo uliokatwa wima likiwa kwenye mwendo huacha nyuma yake nafasi yenye mgandamizo mdogo. Hewa ya pembeni na ya chini hukimbilia kuijaza, ikizunguka na kurudi, na hubeba tope linalorushwa na matairi hadi kwenye kioo, taa na pleti namba. Ndiyo maana magari ya umbo hilo hufungwa waipa ya nyuma. Magari mengi ya saluni hayana.

Tone la tope hilo likikauka, udongo hubaki, hasa ukingoni: tazama kwa karibu utaona vijiduara vyekundu. Wekundu huo ni oksidi ya chuma. Usifute kwa kitambaa kikavu, mchanga uliomo utakwaruza rangi. Mwagia maji kwanza. Tope baya zaidi ni lile lililojibana ndani ya madigadi. Hilo hukaa na unyevu muda mrefu baada ya bodi kukauka, na hapo ndipo kutu huanzia.